Kuchagua nguo ya kati ya kupandia mlima, na kuijaribu kabla hujafika getini

Karibuni watazamaji. Hapa mezani nimetandaza nguo nne: sweta la pamba lenye kofia, flisi nene (flisi ni kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi), flisi nyembamba yenye zipu ya nusu kifua, na jaketi la mito mito, lile lililojazwa nyuzi. Zote ukizikuta sokoni utaambiwa ni za baridi. Ukiniuliza ya kutembea nayo kutoka getini mpaka kambi ya mwisho, nitakupa hii nyembamba, na nataka tupitie sababu moja moja huku ukiona kwa macho.

Nguo ya kati ni ile inayokaa juu ya fulana inayogusa ngozi na chini ya koti la mvua. Ina kazi mbili zinazogombana: ishike joto lako, na iachie jasho litoke. Watu wengi huangalia ile ya kwanza tu.

Chukua njia ya Marangu, mlima Kilimanjaro. Geti liko kwenye mita 1,870 hivi, kambi ya Horombo 3,720, kambi ya Kibo 4,720, na kilele cha Uhuru 5,895. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita na nusu hivi za Selsiasi, kwa hiyo kati ya geti na kilele kuna tofauti ya nyuzi zaidi ya 25, hata kabla upepo haujaingia. Pale chini msituni hewa ina unyevu na utatoka jasho hata ukitembea polepole. Baada ya Horombo unatokea uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, hakuna mti, upepo unakupiga ubavuni. Nguo ile ile inatakiwa ikufae sehemu zote mbili.

Hatua ya kwanza, soma lebo. Geuza nguo, tazama mshono wa ubavuni kwa ndani. Unatafuta poliesta au sufu. Ukiona pamba asilimia 60 au 80, irudishe taratibu kwa muuzaji. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Unyevu unaofyonzwa na nyuzi za poliesta haufiki hata asilimia moja ya uzito wa nyuzi zenyewe. Sufu hunywa, lakini huendelea kutia joto ikiwa na unyevu. Tatizo la sufu ni bei, na mitumba yake mara nyingi imeshaliwa na nondo, kwa hiyo iinue kwenye mwanga utafute matundu.

Sasa, pale Memorial, Moshi, au Gikomba, Nairobi, nguo nyingi lebo imeshakatwa. Tazama hili sweta. Kwa ndani lina manyoya laini kabisa, ukilishika unasema flisi hii. Ligeuze nje: limefumwa laini, lina mistari midogo midogo iliyosimama wima, na ni zito mkononi. Hii ni pamba iliyokwanguliwa upande mmoja, na ndiyo inayowadanganya wanunuzi wengi. Flisi ya kawaida ina manyoya pande zote mbili, na ukiikunja inakuwa nyepesi kuliko ulivyotarajia. Tia tone la maji. Kwenye pamba linazama na kuacha doa jeusi linalotanuka. Kwenye flisi linakaa juu kidogo, ukipangusa kwa kidole linaondoka.

Ukitaka uhakika zaidi, subiri ufike nyumbani. Chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa chenyewe. Usichomoe wa mshono, kwa sababu uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kama nguo ni pamba. Uchome juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kitone kigumu. Na kitone hicho kikukumbushe jambo la usalama: usikae na flisi karibu na moto wa kuni au jiko la kambini, cheche moja inatoboa nguo na kukuunguza ngozi.

Jina la kampuni kifuani lisikusumbue. Flisi ya leo ilizaliwa mwaka 1979 katika kiwanda cha Malden Mills, mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, hakuichukulia hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa hiyo viwanda vingine duniani vikawa huru kuitengeneza. Alikuwa mzee ninayemheshimu sana: kiwanda kilipoungua Desemba 1995 aliendelea kuwalipa wafanyakazi wake huku kikijengwa upya. Kwa mnunuzi wa mitumba, faida ni kwamba flisi isiyo na jina inaweza kuwa nzuri sawa na yenye jina. Kinachoamua ni kitambaa.

Hatua ya pili, unene. Flisi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba: 100 ni nyembamba, 200 ya wastani, 300 nene. Kwa kutembea na begi, chagua kati ya 100 na 200. Ile ya 300 inakufaa ukiwa umekaa. Ukianza kupanda mlima nayo, baada ya robo saa unaivua, unaifunga kiunoni, na safari nzima inakuwa kuvaa na kuvua.

Namna ya kupima bila lebo ni hii. Weka kitambaa mdomoni, kiganja kingine nyuma yake, kisha puliza kwa nguvu. Kwenye hii nyembamba, pumzi inafika kiganjani mara moja. Hii nene, inafika kidogo. Kwenye hili jaketi la mito mito, hakuna kitu. Ambayo haipitishi pumzi haitapitisha jasho vizuri ukiwa na mzigo mgongoni. Usiogope kwamba upepo utapita, hiyo ni kazi ya koti la nje.

Hii nyembamba iinue sasa kwenye taa. Unaona viboksi vidogo kama vya daftari la hesabu? Sehemu zilizoinuka zinagusa fulana na kushika hewa ya joto, na kwenye mifereji kati yake unyevu unapata njia. Ukikutana na flisi ya viboksi kwa bei unayoiweza, usiiache.

Jaketi la mito mito tusilitupe, lina nafasi yake: kambini jioni, mapumzikoni, na usiku wa kilele, ule wa kupanda kutoka kambi ya mwisho. Tofautisha tu kilichomo ndani. Lililojazwa nyuzi za poliesta likilowa kidogo bado linasaidia. La manyoya ya bata linatia joto sana kwa uzito mdogo, lakini likilowa manyoya yanashikana na joto linaisha.

Hatua ya tatu, kama ni mtumba, kagua uchakavu. Nenda moja kwa moja kwenye kwapa, mabegani na mgongoni, palipokaa begi la mwenye nguo wa kwanza. Manyoya yaliyolala na kushikana hayashiki hewa tena. Yakwangue kwa kucha: yakiinuka, nguo bado ina maisha, yakibaki yamelala kama mkeka, tafuta nyingine. Vidonge vidogo juu ya kitambaa ni sura tu, haviharibu kazi. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa, halafu ijaribu ukiwa umevaa glavu. Kama kishikio ni kidogo mno, funga kamba fupi hapo. Usiku wa kilele vidole havitakubali kutafuta kitu kidogo.

Hatua ya nne, ivae. Usiijaribu juu ya shati la dukani. Vaa fulana utakayopandia, kisha flisi, kisha koti la mvua juu. Inua mikono yote miwili kama unayeshika mwamba juu ya kichwa. Pindo likipanda juu ya mkanda, kiuno kitapigwa baridi kila ukijinyoosha. Kunja viwiko, zungusha mabega. Ukihisi koti linabana flisi, hapo umeshaminya hewa ambayo ndiyo inayokutia joto.

Vaa na begi, limejaa. Pitisha kidole chini ya mkanda wa bega: kuna mshono mnene hapo? Ukitembea kwa muda wa saa tano patakuwa kidonda. Mifuko ya pembeni ikikaa chini ya mkanda wa kiunoni haina matumizi, bora ya kifuani au nguo isiyo na mfuko kabisa. Dada zetu wanaovaa hijabu, nawashauri ukosi mrefu usio na kofia. Kofia ya flisi, hijabu na kofia ya koti zikikutana shingoni huwezi kugeuza kichwa.

Hatua ya tano ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, na wengi huiruka: itoe jasho kabla ya safari. Wa Nairobi nendeni Ngong, upepo wa pale juu ni mwalimu mzuri. Wa Tanga, Lushoto. Wa Moshi na Arusha, barabara yoyote ya kupanda migombani alfajiri inatosha. Wa Dar hamtapata baridi, lakini Pugu mtapata mwinuko na jasho, na mtajua nguo inakwaruza wapi.

Weka kilo sita au saba begini. Anza ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, umevaa kupita kiasi. Panda dakika 40 bila kusimama, ukifungua zipu kabla jasho halijachuruzika. Kisha simama penye upepo dakika kumi, begi chini, bila kuongeza nguo. Dakika za mwanzo mgongo utakuwa baridi, ni kawaida, begi lilikuwa limeziba. Unachotazama ni kama baridi hiyo inapungua au inazidi. Ikipungua, unyevu unatoka. Ikizidi mpaka unatetemeka, ingiza mkono ushike fulana ya ndani. Mara nyingi utakuta fulana ni ya pamba na flisi inalaumiwa bure. Badilisha fulana, rudia.

Halafu rudi nyumbani ufanye jaribio la kukausha. Loweka flisi yako na sweta la pamba kwenye ndoo moja, kamua zote kwa nguvu ile ile, anika kivulini. Zishike kila baada ya nusu saa, hasa kwapa na pindo la chini. Kambini hakuna jua la kutegemea, na nguo isiyokauka kivulini utaivaa mbichi asubuhi.

Ukifua, tumia sabuni kidogo na maji baridi. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inaganda kwenye nyuzi na kuzuia unyevu kupita. Pasi usiisogeze kabisa.

Kwa usiku wa kilele, chukua flisi mbili nyembamba badala ya moja nene, ili uweze kupunguza au kuongeza nusu nusu. Zivae ukiwa ndani, kabla hujatoka. Jaketi la mito mito liweke juu kabisa begini, na mkikaribia pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, muulize kiongozi wako kama mtapumzika hapo. Akisema ndiyo, livae kabla hujakaa chini.