Acheni Kuwajazia Kuku Omena

Ahsanteni. Mwenyekiti ameniomba nianze na faida za ufugaji wa kuku wa nyama. Faida mnazijua, hasara mnazijua zaidi, kwa hiyo naziruka. Nina jambo moja tu, na walionisikia Likoni na Kisauni wameshanichoka nalo: acheni kuwajazia kuku omena, yaani dagaa.

Najua inavyokwenda. Kuku wana wiki tatu, hawakui, manyoya ya mgongoni hayajajaa. Jirani anasema, "Waongezee protini." Mtu mbio mpaka Kongowea, ananunua omena, anasaga, anachanganya. Siku chache baadaye akifungua banda, macho yanamchoma. Maranda yameloa, ukiyafinya yanashikana donge, na nyayo za kuku zina vidonda vyeusi. Hapo atalaumu aliyemuuzia vifaranga, atalaumu maji, hata jicho la watu atalilaumu. Omena hailaumu kamwe!

Jamani, kuku hahitaji protini kwa jina lake. Anahitaji asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoiunda protini, kila kimoja kwa kiasi chake. Kwenye chakula cha mahindi na soya, ya kwanza kupungua ni methionini. Fundi cherehani akiwa na kitambaa cha kanzu kumi na uzi wa kanzu sita, ukimletea jora jingine atakushonea ngapi? Sita. Uzi ndio methionini. Omena huleta uzi kidogo, lakini inakuja na jora zima, na jora lililozidi kuku hana pa kuliweka. Asidi amino zilizozidi anazivunja, naitrojeni inatoka kwenye kinyesi ikiwa asidi ya yuriki, bakteria wa kwenye maranda wanaigeuza amonia. Harufu ile ni pesa zako. Tena kule kuvunja kunatoa joto mwilini. Mwezi wa Machi, Mombasa hii, kuku anahema mdomo wazi, nawe unamwongezea moto!

Kuna atakayeniambia, "Gunia langu limeandikwa protini asilimia 22." Vizuri. Hiyo 22 imepatikanaje? Maabara hupima naitrojeni, wakazidisha kwa 6.25. Basi. Mbolea ya urea ina naitrojeni asilimia 46, zidisha mwenyewe. Kilo moja ya urea kwenye kipimo hicho inaonekana karibu kilo tatu za protini, na wallahi hakuna kuku aliyeota kidari kwa urea. Sisemi wauza omena wanatia urea, msije mkanigombanisha na watu sokoni. Nasema namba ile peke yake haikwambii kitu. Mchanga, angalau, unaweza kuukamata: tia kijiko cha omena iliyosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, mchanga utatangulia kuzama. Mwaga maji polepole, sugua kilichobaki chini kwa kidole. Utajua umenunua samaki au ufuo.

Sasa dawa yake. Nimesema dawa, na tayari naona mzee pale amekunja uso. La, si dawa, wala si homoni. Methionini ni unga mweupe wa kiwandani, na ndani ya kuku inafanya kazi ileile ya methionini ya samaki. Lisini, asidi amino nyingine, hupatikana kwa kulisha bakteria sukari. Wajapani walianza kazi hiyo miaka ya 1950. Kwa mnaochanganya wenyewe mahindi na soya, methionini ni kama kilo 2 kwa tani, yaani gramu 100 kwa gunia la kilo 50. Chakula cha kiwandani kwa kawaida kimeshatiwa, msirudie. Na usiimwage juu ya gunia zima ukapitisha koleo mara mbili ukasema umechanganya. Kuku mmoja atapata yote, mwenzake asipate kitu. Ichanganye kwanza na kilo mbili tatu za unga wa mahindi, ndipo uutandaze kwenye chakula chote. Pima kwa mizani, si kijiko, maana methionini ikizidi sana kuku hupunguza kula, tukarudi kulekule.

Lisini, kwa haraka: soya ikipanda bei mnakimbilia mashudu ya nazi na ya alizeti. Yote mawili ni maskini wa lisini. Ukipunguza soya, ongeza lisini, la sivyo methionini yako inakwenda bure.

Threonini, asidi amino nyingine tena, nilitaka kuieleza, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye maswali, nipo pale nje kwenye kahawa.