Pumzi yetu Goma: mazuku, mbabula na kengele iliyo kichwani

BAHATI: Karibuni, jamani. Bahati hapa, tuko Goma, na pembeni yangu ni dada Furaha, muuguzi. Leo ni pumzi. Kijana mmoja wa Keshero ametutumia swali kwa sauti: kwenye mazuku, mtu anauawa na kukosa oksijeni ao na kitu kingine?

FURAHA: Na kitu kingine, na kinaanza kazi mapema kuliko tunavyodhani. Mazuku ni hewa ya ukaa, kaboni dioksidi, inayopanda kutoka chini kabisa, kwenye mawe yaliyoyeyuka ya volkano, ikatokea kwenye nyufa. Uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi. Sasa sikia: ikifika asilimia 10 ya hewa, oksijeni bado iko karibu asilimia 19. Hiyo oksijeni ingekutosha kabisa. Lakini utazimia ndani ya dakika chache.

BAHATI: Oksijeni ipo na bado unazimia?

FURAHA: Ipo. Ndiyo maana tupite kwanza njia ya hewa yenyewe. Hewa inaingia puani, inapashwa joto, inalowanishwa, inachujwa vumbi. Inashuka kwenye koo la hewa, ule mfereji wenye pete za gegedu unaoweza kuugusa kwa mbele ya shingo. Kifuani unagawanyika matawi mawili. La kulia ni pana zaidi na limesimama wima zaidi, ndiyo maana karanga inayompalia mtoto mara nyingi tunaikuta upande wa kulia. Wamama, tafadhali, karanga nzima-nzima si chakula cha mtoto wa mwaka mmoja.

BAHATI: Hiyo wameisikia. Tuendelee.

FURAHA: Matawi yanagawanyika tena na tena, kama mara 23, mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa. Ni mamia ya milioni. Ungevitandaza vyote chini, vingefunika kama mita za mraba 70. Na ukuta kati ya hewa na damu haufiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Mimi miaka yote hii kitu hicho bado kinanishangaza: tumebeba kifuani uwanja mzima, mwembamba hivyo, na hatuusikii.

BAHATI: Na hapo ndipo kubadilishana kunafanyika.

FURAHA: Hapo hapo. Hakuna mtu anayesukuma. Gesi inatoka yenyewe pale ilipo nyingi kwenda pale ilipo pungufu. Damu inafika ikiwa na hewa ya ukaa nyingi, inaiachia. Inakuta oksijeni, inaichukua. Hewa ya nje kwa kawaida ina hewa ya ukaa asilimia 0.04 tu. Tunayotoa nje ina kama asilimia 4. Sasa wewe umeinama kwenye shimo lenye asilimia 10. Gesi itaenda wapi?

BAHATI: Itarudi ndani.

FURAHA: Itarudi ndani ya damu. Damu inageuka kuwa na asidi, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, unahema kwa nguvu, na kila unavyohema ndivyo unavyoongeza. Halafu ubongo unalewa. Ikizidi asilimia 30, ni suala la sekunde. Mtu anaanguka, na akianguka ndiyo amelala mle mle chini ilikotuama.

BAHATI: Ndiyo sababu mbuzi na kuku wanatangulia kufa.

FURAHA: Na watoto. Mtu mzima anaweza kusimama akawa salama, na mtoto kando yake, kichwa kiunoni, anakufa. Mama akiinama kumbeba, anaingiza uso wake kwenye gesi hiyohiyo. Hapo tunazika wawili. Ukiona mtu ameanguka mahali panapojulikana kuwa na mazuku, usishuke peke yako kwa papara. Ita watu. Barakoa haisaidii, kitambaa cha maji hakisaidii: gesi inapita.

BAHATI: Wengine wanatumia mshumaa. Ukiwaka, wanasema panafaa.

FURAHA: Hapana, na hili nalisema kwa nguvu zote. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inakulevya. Mwali ukizimika, toka, ni kweli. Ukiwaka, haujakuambia kitu.

BAHATI: Umesema unahema kwa nguvu. Nani anaamrisha?

FURAHA: Shina la ubongo, kule nyuma, juu ya shingo. Lina kengele, na hapa ndipo watu wengi wanashangaa: kengele hiyo haipimi oksijeni. Inapima asidi inayoletwa na hewa ya ukaa. Wanasayansi Haldane na Priestley, kule Uingereza, walilionyesha mwaka 1905. Ukibana pumzi, ile hamu kali ya kuvuta hewa inatokana hasa na hewa ya ukaa iliyojaa, kabla oksijeni haijakuishia. Halafu kiwambo, msuli bapa chini ya mapafu, kinashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivuta.

BAHATI: Kwa hiyo oksijeni haina mlinzi?

FURAHA: Inaye, shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika. Mbelgiji Corneille Heymans alipata tuzo ya Nobel ya 1938 kwa kazi hiyo. Lakini mlinzi huyo anapiga kelele kweli oksijeni ikishuka sana. Ukipanda volkano yetu ya Nyiragongo, mita 3,470, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila shinikizo la hewa limebaki kama theluthi mbili ya lile la pwani. Huko ndiko anaamka, na unahema hata umekaa.

BAHATI: Vijana wa ziwani wanaopumua haraka-haraka kabla ya kupiga mbizi, ili wakae chini muda mrefu?

FURAHA: Waache leo hii. Kuhema hivyo hakuongezi oksijeni ya maana. Kunafukuza hewa ya ukaa, kengele inachelewa, na oksijeni inaisha kabla hamu ya kupumua haijafika. Wanazimia majini, kimya, wenzao wakidhani bado wanashindana.

BAHATI: Sasa mbabula, lile jiko la makaa. Goma usiku kuna baridi, watu wanaingiza makala ndani.

FURAHA: Mbabula ndiyo inaninyima usingizi kuliko mazuku. Makala yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha yanatoa gesi nyingine, kaboni monoksidi. Hii inashika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Nafasi zinajaa, oksijeni inakosa kiti. Na kengele hailii!

BAHATI: Kwa nini hailii?

FURAHA: Kwa sababu hewa ya ukaa inaendelea kutoka kama kawaida, hakuna ya kuamsha shina la ubongo. Hata mlinzi wa shingoni anadanganyika, maana yeye anapima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, na hiyo bado iko sawa. Mtu anasikia kichwa kizito, kichefuchefu, anadhani ni malaria ao uchovu, analala. Makala ambayo hayatoi moshi tena watu wanayaona salama. Gesi hii haina moshi wala harufu.

BAHATI: Nikifungua dirisha kidogo?

FURAHA: Mbabula ilale nje. Kama mnapika ndani kwa sababu ya mvua, mlango na dirisha wazi, na isiachwe mnapolala. Blanketi la pili ni bora kuliko makala chumbani.

BAHATI: Na tukimkuta mtu tayari amezimia?

FURAHA: Mtoe nje kwanza, fungua kila kitu, kisha mbio hospitali. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo inatoka kwenye damu kwa kama saa nne mpaka sita. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni kama saa moja na nusu, ao chini. Na mkifika, semeni waziwazi: alilala na mbabula ndani. Msinyamaze kwa aibu. Kile kifaa tunachobana kidoleni kupima oksijeni ya damu kinachanganya hemoglobini iliyoshikwa na gesi na ile yenye oksijeni. Kinaweza kuandika asilimia 98, kama mtu mzima wa afya, kwa mtu anayekufa. Sisi tukisoma namba hiyo bila kuambiwa habari ya makala, tunaweza kumrudisha nyumbani.