Hela yetu iko chini ya ardhi: nyumba ya Harrow, wiki ya tatu

Haya watu wangu wa nyumbani, mambo vipi, shikamooni wakubwa wote, mama najua unaangalia kwa simu ya dada, shikamoo mama. Leo nipo nyuma ya nyumba hapa Harrow, London, samahanini kwa upepo, nataka niwaonyeshe shimo. Ndio, shimo, maana kila siku mnaniuliza mbona hatuoni ukuta, sasa ukuta mtauonaje wakati hela yote imeingia huku chini.

Hii nyumba ni ya pacha, imeshikana na ya jirani, imejengwa miaka ya 1930 kama nyingi za mtaa huu. Jiko dogo mno, ukifungua oveni mtu hapiti. Tunaliongeza kwa nyuma mita 3. Huku England nyumba ya pacha ukiongeza chumba kisicho na ghorofa kwa nyuma kisichozidi mita 3, na masharti mengine ukayatimiza, huhitaji kuomba kibali cha mipango miji, lakini hizo mita zinahesabiwa kuanzia ukuta wa mwanzo, yaani nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, kwa hiyo kile chumba alichounga mwenye nyumba aliyepita nacho kinahesabiwa humo humo. Tukakivunja. Na hapo ndo nikaelewa, msingi wake ulikuwa hata goti haufiki! Ile kona ilikuwa na ufa, kila mwaka tunaziba, tunapaka rangi, kiangazi kikija unafunguka tena.

Sasa sogeeni muone hapa. Huu ni udongo wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa, na ule mti mkubwa wa jirani unanyonya maji yote. Mafundi walichimba mita 1, tukajua kesho zege, lori tumeshaagiza. Mkaguzi wa ujenzi akaja asubuhi, mtu mpole tu, akashuka mwenyewe shimoni, akavuta kamzizi chembamba kama uzi wa kufumia, akakavunja kwa vidole, ndani bado hakajakauka. Akasema mizizi bado iko hai hapa, ongezeni kina. Tukaenda mpaka mita 2. Jamani roho iliniuma, lori zima la zege limeongezeka, ile hela ndo ilikuwa ya makabati. Lakini namshukuru sana yule baba, kweli kabisa, maana bila yeye ningekuwa naziba ufa mpya na makabati mazuri ndani.

Kitu kingine, kuna sheria ya 1996 ya ukuta wa kugawana, ukichimba ndani ya mita 3 kutoka nyumba ya jirani na ukashuka chini ya msingi wake, unampa barua mwezi mmoja kabla. Mimi sikuitupia mlangoni, nilibisha hodi, nikamweleza yule mzee na mchoro nikamwonyesha, siku hizi anatoka na chai yake kuangalia mafundi.

Na wale mnaovunja nyumba za zamani, angalieni asbesto, ile nyuzi ya madini ya kujengea, huku ilipigwa marufuku kabisa 1999 ila kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya hapo bado imejaa, na huko nyumbani mabati yake mnayajua. Usiikate, usiivunje kwa nyundo, lile vumbi linaua mapafu taratibu.

Sasa mdogo wangu wa Tanga uliyeniandikia unaongeza vyumba viwili kwenye nyumba ya wazazi, nimesoma meseji yako yote. Usikubali fundi aunge ukuta mpya kwenye wa zamani kabla hujajua wa zamani umesimama juu ya nini. Mwambie achimbe pembeni ya msingi kashimo kamoja tu mpaka mwisho wake uonekane, weka futi ya kupimia humo ndani, piga picha, nitumie leo leo. Zege lisimwagwe kwanza, mdogo wangu, nasubiri hiyo picha.