Tusiache Kujalidi Magazeti Yetu

Ndugu wakutubi wenzangu, kila bajeti ikija tunaulizwa swali lilelile: kwa nini tulipie kujalidi majarida, yaani kuyashona pamoja na kuyatia jalada, wakati yamo kwenye intaneti?

Kwa majarida ya kitaaluma kutoka nje, mimi nakubali tuache. Yaliyomo JSTOR, ile hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, hayahitaji sindano wala gundi yetu. Ila mikataba tuisome vizuri kabla ya kutia saini, maana mingine ni ya kukodisha tu: mwaka usiolipa, hata matoleo ya zamani yanafungwa.

Lakini gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kubeba mashairi ya Shaaban Robert? Ngurumo la miaka ya 60? Magazeti mengi ya Afrika yamepigwa picha kwenye filamu ndogo (maikrofilamu), na filamu zenyewe zimewekwa Chicago. Mwanafunzi wa Tabora atazifikiaje?

Niliwahi kuomba matoleo ya miaka ya 60 katika maktaba moja. Nikaletewa furushi lililofungwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa imekula kingo, na kurasa za juu zimegeuka rangi ya chai. Nikifunua, vipande vinabaki mkononi. Nikapekua taratibu, toleo baada ya toleo, hadi kwenye wiki niliyoitaka. Haikuwemo. Na hakuna aliyejua ilitoweka lini, kwa kuwa furushi halikuwa na hesabu yoyote.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kujalidi. Jalada linazuia mwanga na vumbi, sawa, lakini faida kubwa inapatikana kabla uzi haujaingia kwenye sindano. Lazima mtu akae mezani, apange matoleo kwa tarehe, aone kwamba la tarehe 14 halipo. Pengo likionekana mwezi huohuo, unapiga simu kwa mchapishaji na unalipata. Likionekana baada ya miaka 40, limekwenda.

Nawaomba tu mafundi wasishone ndani mno wala kukata pambizo. Safu ya maandishi ikimezwa na mshono haisomeki, na siku ya kuskani tutalazimika kufumua kazi yote.

Fedha tulizokuwa tukijalidia majarida ya nje zihamishiwe kwenye magazeti ya Kiswahili. Na tuanze na ya mwaka huu, ambayo mapengo yake bado tunaweza kuyaziba.