Sindano Moja, Mikia Minne

Kaka, kaa kwanza, maswali baadaye. Hili nimelisema Temeke, nimelisema Mbagala, leo Sinza nalirudia: sindano za testosteroni, homoni ya kiume, ziwe propioneti, enantheti au undekanoeti, ndani yake ni homoni ile ile. Aliyekwambia moja "ni kali" alikuuzia maneno.

Jina la pili kwenye kichupa ni la esta, mkia wa asidi uliobandikwa kwenye homoni. Mkia ukirefuka, homoni inazidi kupenda mafuta, inakawia kutoka kwenye lile bonge la mafuta mlilochomwa kalioni. Ikifika kwenye damu, vimeng'enya vinaukata mkia, basi. Propioneti ina kaboni 3, nusu yake huisha kwa siku moja hivi. Enantheti, kaboni 7, siku 4 na nusu. Undekanoeti, kaboni 11, ikiwa kwenye mafuta ya mbarika, hupita siku 30. Kibarua hulipwa jioni, mwalimu mwisho wa mwezi. Noti ni zile zile.

Sasa dereva wangu wa bajaji. Mnacheka, mmeshamsikia? Mtamsikia tena. Jumanne kaja dirishani pa duka langu la dawa, kapanga vichupa vitatu vitupu kwenye kioo cha kaunta kama kete. "Dada, hii feki, sisikii kitu." Kachoma enantheti miligramu 250 Ijumaa, Jumapili kaongeza, Jumatatu kaongeza. Jamani! Homoni kwenye damu ilishapanda ndani ya siku mbili tatu. Misuli ndiyo inayotaka wiki kadhaa za vyuma na ugali. Na siku ile ya nne, ile ya Ijumaa hata nusu ilikuwa haijaisha. Kajaza tangi juu ya tangi.

Utasema, "Mbona mimi nilisikia usiku ule ule?" Hicho ni kichwa chako, kaka. Au ulichoma ule mchanganyiko wa esta 4: propioneti miligramu 30, fenilipropioneti 60, isokaproeti 60, dekanoeti 100. Propioneti hutangulia mbio, dekanoeti inabaki nyuma inajikokota. Tena ule hutengenezwa kwa mafuta ya karanga; mwenye mzio wa karanga asiuguse.

Naonyeshwa saa. Haraka: ukipima damu, andika siku uliyochoma, la sivyo namba haina maana. Wanaotaka watoto: ubongo ukiona homoni imejaa, unaacha kuziamuru korodani, mbegu zinapungua. Na undekanoeti ikishachomwa hakuna wa kuichomoa. Utasubiri wiki na wiki.

Mengine siku nyingine. Haya kaka, uliza. Na hicho kichupa mfukoni kilete mbele, tukisome.