Erhu Si Fidla ya Kichina

Haya jamani, tusikilizane. Nimeitwa niongelee okestra ya asili ya Kichina, vyombo na wapigaji wake, na naanza na lile lile nalolisema kila nikipewa maiki: erhu si fidla ya Kichina. Acheni kuiita hivyo.

Najua kuna mtu hapo anasema, si ina uta, si ina nyuzi, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba ukishaiita fidla huiangalii tena. Hebu iangalieni. Nyuzi mbili tu. Mpigaji amekaa, kiboksi cha mbao kipo juu ya paja la kushoto, mbele kimewambwa ngozi ya chatu (Hong Kong okestra yao imehamia utando wa plastiki tangu 2009). Uta hauwekwi juu ya nyuzi, umenasa katikati, zile nywele za farasi zinapita kati ya uzi wa ndani na wa nje, sasa akitaka wa nje anausukuma uta mbele kidogo, akitaka wa ndani anauvutia kwake, wimbo unaisha uta bado uko humo humo. Na mkono wa kushoto hauna ubao wa kukandamizia, chini ya uzi ni hewa tupu! Kila noti inatafutwa kwa sikio na ncha ya kidole, ukibonyeza zaidi kidogo tu sauti imeshapanda. Mpe erhu fundi wa fidla leo, anaanza moja.

Liu Tianhua, mpigaji na mtunzi wa Kichina, alijifunza fidla pia, lakini hakuitupa erhu, aliifundisha chuo kikuu Beijing wakati wengi wanaiona chombo cha ombaomba, akaitungia vipande 10 vya kupigwa peke yake kabla hajafariki 1932, ana miaka 37 tu.

Halafu kuna wale wa "okestra yenyewe wamewaiga Wazungu". Kondakta mbele, watu wengi kwa vikundi, sawa, hayo ni ya karne ya 20, okestra ya redio Beijing ilianzishwa 1953 na Peng Xiuwen akaiongoza miaka mingi, besi ziliwapungukia wakaazima cello za Wazungu. Sikatai. Ila vikundi vyao wanavitaja kwa kitendo: kupuliza, kuvuta uta, kudonoa nyuzi, kupiga. Utauliza mbona yangqin inagongwa kwa vijiti vya mianzi na bado inakaa na wadonoaji? Kwa sababu ni nyuzi, na inaongea na pipa (chombo cha kudonoa, si pipa la maji). Wapigaji wa pipa wanajifunga kucha za bandia kwa tepu vidole vyote vitano vya kulia, kimoja kikilegea katikati ya shoo ni balaa.

Wapulizaji niwataje haraka. Dizi, filimbi ya mwanzi, ina tundu limebandikwa utando mwembamba wa tete, wa zamani waliugandisha kwa maji ya kitunguu saumu, ndio unaoleta ule mvumo. Suona ikilia mtu wa Pwani atageuka tu, maana ni ukoo mmoja na nzumari yetu, jina lake lenyewe linatokana na surna ya Kiajemi. Ngoma, upatu, matoazi... naona naonyeshwa saa.

Fundi mitambo, tuwekee ile video ya erhu, sauti juu. Na nyinyi mtazameni mkono wa kulia, msimtazame usoni.