Chango la Ukoo

Habari za jioni, mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokuja.

Nianze na kanga. Binti wa miaka 17 anaingia chumba cha daktari amejifunga kanga tumboni, fundo limekazwa hasa. Kabla hajafungua kinywa, mama yake anamjibia: "Chango tu hilo, daktari. Hata mimi nilikuwa hivi hivi, na bibi yake pia. Akizaa litakwisha." Kauli hiyo nimeisikia miaka nenda miaka rudi. Ndani yake mna ukweli mkubwa, na mna kosa linalowagharimu watoto wetu.

Si kila chango ni endometriosisi, lakini maumivu yanayomlaza binti kila mwezi yanastahili kuchunguzwa. Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, juu ya utumbo, juu ya kibofu. Tishu hiyo huitikia homoni, huvimba, makovu hujengeka, viungo hushikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 wanao, karibu mmoja kwa kila kumi walio katika umri wa kuzaa.

Kwa nini huyu apate na yule asipate? Miaka ya 1920 daktari John Sampson wa Marekani alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda ugonjwa tumboni. Baadaye ikaonekana kuwa wanawake wengi sana hurudisha damu hiyo, na wengi wao hawaugui. Lazima pawe na jambo jingine.

Mapacha wametusaidia hapa. Mapacha wa kufanana hubeba jeni zile zile. Wasiofanana hushirikiana karibu nusu, kama ndugu wengine. Tafiti za mapacha za Australia na Sweden zilifika mahali pamoja: karibu nusu ya tofauti baina ya wanawake katika kuupata ugonjwa huu hutokana na urithi. Nisieleweke vibaya: hiyo haina maana kwamba binti wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua.

Wala hakuna jeni moja ya kuilaumu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 60,674 na watu 701,926 wasio na ugonjwa, wakapata maeneo 42 ya vinasaba yanayohusika. Eneo moja liko karibu na WNT4, jeni inayosaidia kuumba via vya uzazi vya kike mtoto akiwa bado tumboni. Mengine yanagusa homoni. Kila badiliko husukuma kidogo tu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba baadhi yake yanaonekana pia kwa watu wenye kipandauso na maumivu ya mgongo. Basi msichana anayelalamika kichwa, mgongo na tumbo hadeki.

Lakini watu wote wa utafiti huo wa 2023 walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Afrika, ambako tofauti za vinasaba ni nyingi kuliko kwingineko, haimo. Hili linaniuma, kwa sababu tumewahi kuachwa nje. Zamani madaktari wa Marekani walifundishwa kwamba mwanamke mweusi hapati ugonjwa huu. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, aliwachunguza wagonjwa wake weusi kwa kamera ya tumboni akaukuta kwa zaidi ya mmoja kati ya watano. Baadhi ya hao walikuwa wameambiwa wana maambukizi ya nyonga.

Sasa turudi kwa yule mama. Aliposema "hata mimi", alikuwa ametoa taarifa muhimu kuliko zote siku ile, na mara nyingi haiandikwi popote. Siku hizi nikiisikia nashika kalamu. Mama, rudia taratibu: ulianza kuumia ukiwa na miaka mingapi? Ulikaa muda gani kabla ya kushika mimba? Dada zako je?